Mashua ya Benchi Zinazotazamana

Likasi, Jumanne jioni

Kwako Yaya Sifa, dada yangu mkubwa,

Mama mkwe wangu amekubali kupanda mashua. Amelisema mwenyewe juzi Jumapili baada ya ibada, mbele ya watoto wake wote. Mke wangu Ngalula ndiye aliyeniletea maneno hayo, maana mimi nilikuwa barazani, nyuma ya ukuta, kama ilivyo kawaida yangu mama anapokuwa sebuleni. Ameweka sharti moja, na sharti hilo ni wewe.

Nimeanza kama mtu anayesoma taarifa ya habari, na wewe si msikilizaji wangu wa redio. Basi turudi nyuma tusalimiane. Goti lako linasemaje siku hizi? Mama yetu anapata usingizi? Na Baba mdogo, ameacha kukohoa au bado anawaambia kwamba ni vumbi la barabara? Sisi huku tu wazima. Baridi ya kiangazi imetubana. Asubuhi watoto wanagombania nafasi karibu na mbabula la makaa kabla hata chai haijachemka. Umeme unakuja na kuondoka bila kuaga. Kazini tunategemea jenereta, na wiki iliyopita lilizimika katikati ya sentensi yangu, kwa hiyo Likasi nzima ilijua kwamba daraja limevunjika lakini haikujua ni lipi hadi kesho yake. Ngalula bado anauza vitenge pale soko la Kikula. Msimu huu wa harusi biashara inatembea, hatulalamiki.

Kwenye simu uliniambia: andika, nitawasomea wazee, maana kwenye simu kila mtu anasikia lake. Nimeandika. Soma yote, hata pale ambapo nimejiaibisha.

Habari yenyewe inaanza na Donat, kaka mkubwa wa Ngalula. Kila sikukuu ukoo huu hukodi gari na kwenda Kapolowe, kwenye lile ziwa la baraji, la maji yaliyozuiwa kwa ukuta, kula samaki na kuangalia maji kutoka ufukweni. Mwaka huu Donat akasema wamechoka kuangalia maji kama watu wanaoangalia sinema kupitia dirisha la jirani. Tununue mashua ya familia, akasema, ile ya maboya: jukwaa bapa lililowekwa juu ya maboya, lenye viti na paa la turubai, mtu anapanda kama anavyopanda barazani kwake. Wote wakakubali. Namna ya kulipa walipanga wenyewe, sitaiandika hapa.

Chini ya matembezi hayo kulikuwa na jambo lingine, na kila mtu alilijua. Ng'ambo ya ziwa anaishi mdogo wake mama mkwe. Miguu yake imevimba, haondoki tena uani kwake, na mara mbili ametuma mtu aseme kwamba anamtaka dada yake. Kwa barabara ya kuzunguka hupita malori ya makaa tu, na mgongo wa mama mkwe hauwezi lori. Kwa mtumbwi mtu hukaa chini kabisa, magoti yakikaribia kidevu, na magoti yake yamekwisha. Mvua zikianza, upepo wa mchana unaliamsha ziwa, na hata wavuvi huanza kuchagua saa. Kwa hiyo ilikuwa lazima mashua ipatikane kabla ya mvua, na iwe moja ambayo mwanamke wa umri wake anaweza kupanda akiwa amesimama.

Zilikuwapo mbili za kuuzwa. Donat akanijia na kusema, "Shemeji, weye njo mutu ya kuuliza. Enda uulize. Vile utasema, njo tutafanya."

Nilikwenda. Niliwauliza wauzaji wote wawili maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kama ninavyofanya kazini.

Ya kwanza imetengenezwa na fundi Kabwe, mchomeleaji wa Kikula. Chini ina mapipa ya plastiki ya buluu yaliyofungwa vifuniko na kushikwa na fremu ya chuma. Nilimuuliza yalibeba nini zamani. Akasema sabuni ya maji. Nikafungua moja nikanusa, ilikuwa sabuni. Juu ni mbao nzito. Benchi ni mbili ndefu, moja kila upande, zinatazamana, na katikati kuna nafasi ya kuweka sufuria na watoto. Watoto wetu waliiita Saluni, yaani sebule. Uzuri wake ni kwamba kila pipa linajitegemea: likitoboka moja kwenye kisiki, mengine hayajui. Ubaya wake ni uzito, na injini yake inavuta kama mzee anayepanda mlima.

Ya pili ni ya Mama Georgine, mfanyabiashara wa Kapolowe, aliyeileta kwa lori kutoka upande wa Zambia. Ni ya alumini, nyepesi, injini yake inawaka kwa mvuto mmoja. Viti vimepangwa safu safu, vyote vinatazama mbele, na mbele kuna mlango mdogo wenye ubao wa kupandia. Hiyo wakaiita Bisi, yaani basi. Niliacha iwekwe majini usiku kucha, na asubuhi ilikuwa imeelea sawasawa, haikunywa hata kikombe. Mama Georgine aliniangalia nikipiga magoti kuchungulia maboya akasema mimi ninakagua mashua kama vile ninaoa binti yake.

Sasa lazima niwaeleze wazee jambo ambalo wewe unalijua lakini wao wanaweza kulichukua kijuujuu. Kwa ukoo huu, buko si mchezo. Buko ni ile heshima ya mkwe na mama mkwe wake: hawatazamani usoni, hawaketi wakielekeana, hawali wakionana. Tangu nioe sijawahi kula mbele yake. Tukikutana njiani mmoja anageukia ukuta. Jina lake silitamki, na hata humu sitaliandika. Tukiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa Ngalula. Na bado kila jioni mama huyo hufungua redio kunisikiliza nikisoma habari, kwa sababu sauti ya redioni, anasema, haina buko. Nikikosea jina la kijiji, kabla sijafika nyumbani Ngalula ameshapewa sahihisho.

Buko huondolewa. Mama mkwe anapika, watu wa upande wa mwanamume wanakuja kupokea sahani, mkwe anakula mbele yake, na kuanzia hapo wanasalimiana kama watu. Wao huita kumwingiza mkwe. Baba alikuwa amekubali kuja kwa jambo hilo. Badala yake tukamzika. Baada ya msiba hakuna aliyelitaja tena, sisi wala wao.

Tukaenda Kapolowe kuijaribu Saluni. Ilikuwa Jumamosi yenye jua na upepo wa baridi. Fundi Kabwe alikaa nyuma kwenye injini. Mama mkwe alipanda akishikwa na Donat na Ngalula, akakaa mwisho wa benchi ya kulia. Wengine wakajaza benchi zote mbili. Mimi nilipanda wa mwisho, nikakaa mbele kabisa, benchi ya kushoto, uso nikauelekeza majini. Kabwe, ambaye hunitania tangu tujuane, akasema, "Weye mutu ya Kalemie, balikuzala pembeni ya mayi makubwa, na unaogopa kuangalia ndani ya bwato?"

Niliendelea kuyatazama maji. Shingo yangu ilikuwa na kazi nyingine.

Tatizo la benchi zinazotazamana ni kwamba zinatazamana. Mashua ilipogeuka kukwepa mafunjo, jua likanipiga usoni, nikageuza kichwa, na hapo hapo mama mkwe akajifunika kwa kitenge chake. Ngalula akaona. Akainuka kutoka benchi yangu akaenda kusimama mbele ya mama yake. Dada yake akamfuata. Kisha mke wa Donat, kisha Donat mwenyewe, kisha watoto, kwa sababu watoto huenda walikokwenda wakubwa. Katika muda wa kukunja mkeka, ukoo mzima ulikuwa upande wa kulia umesimama kama ukuta, na upande wa kushoto nilibaki mimi peke yangu.

Mashua ikalala kulia. Maji yakapanda kwenye mbao na kulowesha viatu vya mama mkwe. Upande wangu niliona buluu ya mapipa ikitoka majini.

Kabwe akawaambia warudi kushoto. Hawakurudi. Akawaambia tena, kwa maneno ambayo sitawaandikia wazee. Kila mmoja alimtazama mwenzake, maana ambaye angeondoka kwenye ukuta ule angeacha tundu, na katika tundu hilo mimi na mama tungeonana. Walikuwa tayari kuzama kwa adabu.

Niliwaza hivi: hawatarudi mimi nikiwapo, basi nisiwepo. Lakini nikiruka majini, upande wangu utakuwa mwepesi zaidi na mashua itamalizia kupinduka. Kwa hiyo nilivuka reli ya kushoto nikaning'inia kwa nje, mikono kwenye chuma, mwili majini, kichwa chini ya usawa wa mbao. Hivyo uzito wangu ulibaki ukivuta upande ule, na mimi sikuonekana. Nikawaita kutoka huko chini wakae sasa, hakuna mtu huku. Wakarudi mmoja mmoja. Mashua ikanyooka.

Nilipoiachia reli, miguu yangu iligusa tope, maji yakiwa kifuani. Unajua maji ya kiangazi ya huku. Si yale ya kwetu. Nilikuwa na suruali ya kazini na saa ya Baba mkononi, ambayo bado inatembea, usiwe na wasiwasi. Nilitembea nyuma ya mashua hadi ufukweni, nikiwa nimeipa mgongo pale ilipobidi, na hapo ndipo niliposikia sauti ya mama mkwe juu ya kichwa changu, akimwambia Ngalula.

"Mwambie ule mutu atoke mu mayi. Atafwa na baridi, basema ni minye nilimuua."

Ngalula akaniambia. Nilikuwa nimekwisha sikia, lakini ndivyo njia ilivyo. Nilimjibu kupitia kwake kwamba nashukuru, nitatoka ninyi mkishashuka.

Njia nzima ya kurudi Likasi kila mtu aliilaumu mashua. Mapipa hayafai, walisema. Ni nyepesi upande mmoja. Fundi ni wa kuchomelea madirisha, amejuaje maji? Kabwe hakujitetea sana. Aliniangalia tu, na mimi sikumsaidia. Nami pia niliandika akilini kwamba Saluni haina uthabiti. Yaya, hilo ni kosa ambalo mtu wa kazi yangu hapaswi kulifanya, lakini watu wote waliokuwa pale walilifanya, na lilionekana kama ukweli kabisa.

Jumamosi iliyofuata tukaijaribu Bisi. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mimi safu ya mbele karibu na mlango, mama mkwe safu ya nyuma chini ya turubai, kati yetu watu wote na vikapu vyao. Aliona kisogo changu, na kisogo hakina buko. Tulizunguka hadi karibu na visiki, tukarudi, hakuna aliyelowa. Mama Georgine alisimama ufukweni mikono kiunoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Jambo moja tu nililiona, nikaliweka kando. Tulipokuwa katikati, ndege mkubwa mweupe aliinuka kwenye matete. Walio mbele wakasema ah. Kutoka nyuma mama mkwe akauliza, "Munaona nini kule?" Safu ya nne ikauliza ya tatu, ya tatu ikauliza ya pili. Jibu lilipomfikia, ndege alikuwa ameshatua mahali pengine.

Juzi Jumapili wakakutana nyumbani kwa Donat. Nilitoa taarifa yangu kutoka barazani, Donat akiirudia ndani neno kwa neno. Nilisema Bisi ni nyepesi, haivuji, ina ubao wa kupandia, na inamruhusu kila mtu akae mahali pake kwa heshima. Nikapendekeza Bisi. Nikasikia viti vikisogea. Wamemaliza, wanataka kula.

Kisha mama mkwe akasema hapana. Ninayoandika sasa ni maneno ya Ngalula, na Donat ameyathibitisha.

"Bisi ni ya batu benye habajuane," alisema. "Unapanda, unaangalia kichwa ya mutu, unashuka. Minye naenda kuona mudogo wangu, pengine ni mara ya mwisho. Nataka kuona sura ya batoto yangu wakati tunaenda, na sura yabo wakati tunarudia. Mutununue ile ya kuangaliana."

Donat akamkumbusha kwamba ile ya kuangaliana nusura ituzamishe. Mama akamjibu kwamba bwato halikumkosea mtu yeyote. Waliokosea ni wale waliokimbilia upande mmoja kama mbuzi walioona mvua.

Nikamtuma Ngalula na pendekezo. Mimi nibaki ufukweni siku hiyo, wao waende na Saluni, buko ibaki salama na mashua ibaki sawa. Nilidhani ni pendekezo lisilo na tundu. Jibu lilirudi haraka.

"Mwenye kuchagua bwato asipopanda, minye nitapanda namna gani?"

Nikaliondoa pendekezo langu.

Hapo Donat, ambaye ni kiongozi wa vijana kanisani kwao, alisema jambo hili lina dawa rahisi: buko ni mambo ya kale, katika Yesu yameisha, mama na shemeji wakae tu pamoja na kusifu. Mama akamuuliza kama mama wa mke wake ameshawahi kumsalimia kwa mkono. Donat akafungua Biblia yake kutafuta mstari. Mke wake ndiye aliyecheka, na alicheka hadi akatoka nje, akanikuta barazani nami ninacheka.

Ndipo mama mkwe aliposema lile la mwisho, na Ngalula aliniletea akiwa amesimama wima kama mtu aliyebeba maji kichwani.

"Miaka yote hii namusikia ku radio tu. Mwambie aite batu ya kwabo. Nitapika, nitamuingiza, na tutakaa mu bwato sura kwa sura. Bakikosa kuja, minye nabakia huku, na mudogo wangu atanisamehe."

Ni hivyo, Yaya. Kasoro nyingine zote zinaweza kutengenezwa na fundi. Hii haitengenezwi ila na watu wa kwetu. Msipokuja, mashua itakuwapo, mafuta yatakuwapo, na yeye atabaki ufukweni, na ng'ambo kuna mwanamke anayesubiri na miguu iliyovimba. Sitaki kuja kusoma habari ya namna hiyo nyumbani kwangu.

Kwa kuwa taarifa yangu ya Bisi ilipinduliwa, sikutaka kuikubali Saluni kwa mdomo tu. Jana nilikwenda kwa Kabwe nikamwambia tuijaribu tena bila familia. Tukaazima magunia ya makaa kwa mchuuzi wa pale ufukweni, tukayapanga kwenye benchi zote mbili mahali ambapo watu wangekaa, hata tukaongeza. Tukaenda hadi katikati, tukageuka kwa nguvu, tukakata mawimbi yetu wenyewe. Haikuinama hata kidogo. Kabwe alizima injini akawasha sigara.

"Unaona," akasema akilipiga kofi gunia la makaa, "makala haina buko."

Niliomba radhi kwa fundi. Alisema ameshazoea, watu wakigombana ndani ya nyumba hulaumu mlango. Nimemwagiza aongeze ubao wa kupandia wenye reli, kama ule wa Bisi, na vizuizi vya benchi ili mtu asiweze kuvuka upande kirahisi. Makoti ya kuelea, kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Donat bado anasema ya alumini ni nzuri zaidi kupigia picha, na ni kweli. Mama Georgine nilimweleza uso kwa uso, sikutaka asikie sokoni. Aliniuliza kama kweli tumeacha alumini kwa sababu ya kuangaliana. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo akasema yeye mwenyewe hajui angependa kuangaliana na nani katika ukoo wake.

Sasa kazi yako. Wewe ndiye mkubwa wetu unayeweza kusafiri, na ukoo huu unataka mwanamke wa upande wetu apokee sahani. Utasimama mlangoni. Watakuletea sahani zimefunikwa: kuku mzima, bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo, pengine na nyama ya mbuzi. Utafunua, utaonja wewe kwanza, kisha utanilisha tonge la kwanza kwa mkono wako. Mama mkwe atatoka na kuketi mbele yangu, nami nitakula akinitazama. Usinichekeshe, nakujua. Nikimaliza nitamsalimia kwa jina lake, na yeye atanijibu bila kupitia kwa mtu. Ngalula anasema sahani hazirudi tupu. Hurudi zimeoshwa na kitu ndani. Anaomba mikebuka, wale samaki wa ziwa la kwetu, waliokaushwa vizuri, maana mama yake husema samaki wa baraji wana ladha ya tope. Mikebuka si wazito kwa safari. Njoo nao wa kutosha sahani nne.

Baba mdogo atasema safari ni ndefu mno kwa ajili ya kuku mmoja. Mwambie kuku huyo Baba aliahidi kuja kumla. Mwambie pia kwamba simwombi ruhusa ya kuoa tena, naomba ruhusa ya kukaa kwenye benchi. Akitaka kuja mwenyewe, nafasi ipo, magunia ya makaa yalikuwa mazito kuliko yeye.

Njia ya treni nimeiulizia kituoni: wameniambia inatembea, ila hakuna aliyetaka kuniahidi saa. Ondoka mapema, usingojee treni nzuri zaidi. Ukifika Likasi, usikubali mtu wa pikipiki akuambie anaijua nyumba yangu. Nipigie, nitakuja kituoni mwenyewe.

Msalimie Mama yetu, umwambie saa ya Baba iliingia majini na haikusimama. Msalimie Baba mdogo, hata kama atakuwa amekasirika kufikia ukurasa huu. Shemeji yangu, mumeo, mwambie asihofu, nitakurudisha. Mjomba anayeuza mbao pale bandarini mwambie nilihitaji macho yake kwa mashua hizi, na kwamba mbao za Kabwe angezikubali. Binamu yetu mwalimu apewe salamu na asisahihishe barua hii kwa kalamu nyekundu. Watoto wako wote, mmoja mmoja. Ngalula anakusalimu sana. Ameshaanza kutafuta kitenge ambacho mtavaa sare, na amenikataza kukutajia rangi.

Chakula ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa kumi jioni, nyumbani kwa Donat. Jumamosi asubuhi, saa mbili, Saluni inaondoka Kapolowe kwenda ng'ambo. Nimeshapanga viti na Kabwe, ili uzito uwe sawa: wewe benchi ya kushoto, pembeni yangu; mama mkwe benchi ya kulia, mbele yetu, mahali ambapo ataniona na nitamwona.

Mdogo wako,
Kisimba